Sahihi ya Kisima Namba Arobaini na Moja

Mkaguzi wetu wa visima vilivyotelekezwa anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya kuitumikia idara hii miaka thelathini na minne na miezi miwili. Hiyo miezi miwili imetajwa makusudi. Ilikuwa mirefu kuliko miaka yote iliyoitangulia.

Waliosoma ndio waliopewa kazi ya kuandika wasifu huu. Wiki tatu zikapita bila hata mstari mmoja, maana kila mmoja aliogopa kugusa habari za kisima namba arobaini na moja, na bila kisima hicho mtu huyu hana wasifu. Basi umeandikwa na mfagiaji wa ofisi, bibi wa wajukuu tisa, aliyeishia darasa la nne. Herufi ikikaa vibaya, isomeni hivyohivyo.

Aliingia hapa akiwa kijana mwembamba, shati la kazi limemmeza. Kwa wageni waliokuja na mstaafu leo na hawajui tunafanya nini: kampuni zilikuja zikachimba mafuta na gesi, zikachota, zikaondoka. Mashimo zikatuachia. Shimo lenyewe ni bomba la chuma lenye upana wa sahani, linashuka zaidi ya kilomita nzima, na huko chini bado kuna kitu kinachosukuma kitoke. Gesi yake haina rangi. Mara nyingi haina hata harufu. Serikali inataka kila shimo lizibwe kwa saruji, na mkaguzi akiridhika anatia sahihi kwenye daftari la visima. Hapo bomba hukatwa, hufunikwa bamba la chuma, udongo unarudishwa, na kiwanja wanapewa watu wajenge. Kwa hiyo mnaolala usingizi kwenye nyumba za upande ule wa mji, mnalalia sahihi ya mtu.

Madereva walimpa jina la Mapovu. Kila safari alibeba ndoo ya maji ya sabuni, akifika anamwagia mdomo wa kisima, anachuchumaa, anatazama saa yake robo saa nzima kama povu litainuka. Mvua ikinyesha, anafunua mwavuli juu ya kisima, yeye analowa. Kwenye harusi ya binti wa mhasibu aliingia jikoni bila kualikwa, akaumwagia sabuni mpira wa mtungi wa gesi, na wapishi wakamfukuza na mwiko. Mpira ulikuwa unavuja. Chakula kilichelewa saa mbili, na bwana harusi alinuna mpaka kwenye picha, lakini wote walirudi makwao wazima.

Amekagua visima mia tatu na kumi na viwili. Sitini na kimoja vimezibwa akiwa amesimama palepale. Hakuna dereva wake hata mmoja aliyeungua ukucha.

Mlimcheka kwa woga wake, msikatae. Mlisema hawashi kiberiti kabla ya kunusa hewa, mlisema anamwogopa hata paka anayekwaruza sakafu. Ni kweli aliogopa. Mikono yake ilitetemeka kila alipofungua kifuniko, na alikuwa anaificha mifukoni ili vijana wasiione. Lakini alifungua. Miongoni mwenu wapo wasioogopa kitu, na hawajawahi kufungua hata kifuniko cha chai.

Sasa tuje kwenye ile miezi miwili.

Kisima namba kumi na mbili, nje kidogo ya mji, kilianza kufoka maji machafu ilhali daftari linasema kilizibwa zamani. Mtambo ukaletwa, kikafunguliwa. Badala ya saruji likatoka gogo. Gogo la mti, na magome yake. Kampuni ililipigilia ndani ya bomba, ikajiondokea. Mapovu alilitazama gogo lile, akakaa chini kwenye matope na suruali yake ya kazi. Dereva alidhani ameanguka.

Hakuanguka. Alikumbuka. Sahihi ya kisima kile ilikuwa ya mkaguzi mkuu wa wakati huo, aliyemfundisha kazi, marehemu sasa. Wiki ileile, kwa kifaa kilekile, Mapovu mwenyewe alikuwa ametia sahihi kisima namba arobaini na moja.

Siku zile mkaguzi aliteremsha timazi ndani ya bomba kwa kamba, lile la chuma kama analotumia fundi wa nyumba. Chini yake hupakwa grisi, ili likigonga kitu lipande na chembe zake. Likipanda na vumbi la saruji, unaandika saruji. Wiki ile grisi iliisha, na nyingine ilichukua miezi kufika. Mkubwa akasema teremsheni hivyohivyo, saruji inajulikana kwa mlio. Mapovu alikuwa mwaka wa pili kazini. Akateremsha timazi kavu, akasikia ngo, akaandika saruji. Hiyo ni miaka thelathini na miwili iliyopita.

Alichukua ramani ya zamani, maana mitaa imebadilika na namba za viwanja zimebadilika. Akaanzia kwenye tangi la maji, lile la kutu, akahesabu hatua mia mbili na kumi kuelekea barabarani. Hatua ya mwisho ilimwingiza ndani ya duka la mikate, nyuma ya tanuri.

Mwokaji ni mama mwenye sauti kubwa, anafanya kazi na binti zake wawili, na mama yake mzazi analala chumba cha nyuma, hawezi kutembea. Tanuri lake ni la kuni. Ilikuwa saa nne asubuhi, moto umekolea.

"Shikamoo mzee. Mkate bado haujatoka."

"Marahaba. Sitaki mkate, mama. Nataka kuiona sakafu yako."

"Wenzako wanakuja kuchagua mikate, wewe sakafu! Haya, chagua. Sikufungii lakini."

Binti zake wakacheka. Mapovu akamimina maji ya sabuni kwenye ufa ulio nyuma ya tanuri, akachuchumaa. Povu likainuka. Likapasuka. Likainuka jingine mahali palepale, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Ni joto la tanuri hilo," mwokaji akasema, lakini hakuna aliyecheka tena.

"Mama, sikiliza. Mbebeni bibi kwanza. Msiguse swichi. Msichochee moto, msiumwagie maji, uacheni ulivyo. Tokeni."

Walimtoa bibi yule na godoro lake, mabinti mbele, mwokaji nyuma. Mapovu aliingia tena peke yake. Alifukia moto kwa mchanga, kijiko kwa kijiko, ili cheche isiruke. Ilimchukua muda mrefu. Alipotoka nje alitapika kando ya ukuta, akaomba maji ya kusukutua, akamwambia dereva asimsimulie mtu. Dereva amesimulia, ndiyo maana mnasoma hapa.

Ofisini, Mkurugenzi hakufanya hiana. Alifungua daftari. "Mzee wangu, kisima hiki kimefungwa. Tena kwa sahihi yako. Idara haina mamlaka ya kumzuia mtu kuwasha moto juu ya kisima kilichofungwa." Sheria ndivyo ilivyo, na iliandikwa na watu waliosoma. Gesi inatoka ardhini lakini kwenye karatasi haitoki. Mwokaji akapewa barua kwamba Alhamisi anaweza kuwasha tanuri. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Naye angewasha, msimlaumu. Ana vinywa vinne vya kulisha, na barua ina muhuri.

Njia ilikuwa moja tu. Kanuni inasema sahihi ya kufunga kisima inafutwa na yule aliyeitia, mwenyewe, akiwa bado kazini. Na anayeifuta lazima asimame mbele ya kamati ya nidhamu aeleze ni kwa nini aliandika asichokiona. Mapovu alibakiza wiki tano. Wiki tano apate barua yake safi, apigiwe makofi, aende nyumbani. Kamati inaweza kumwachisha kazi, na mafao yote yakaenda na maji.

Mkewe hakumficha. "Baba watoto, mimi sikukatazi. Lakini naogopa. Tutaanza wapi umri huu?" Yeye akajibu kwamba na yeye anaogopa, tena sana. Asubuhi mke alimpigia pasi shati jeupe.

Fomu ya kufutia sahihi haikuwahi kutumika tangu ilipochapwa. Makarani waligeuza kabati zote. Ilikutwa stoo, chini ya maboksi ya karatasi za chooni, ina namba ya simu ya tarakimu nne. Naliandika hili ili mjue stoo ile ni chafu kwa sababu yenu. Mfagiaji hana kosa.

Jumatano saa tatu kamati ya watu watano ilikaa chumba cha mikutano. Mapovu alishika mgongo wa kiti, na safari hii mikono hakuificha. Alisema hivi: "Niliteremsha timazi kavu. Nilisikia ngo. Nikaandika saruji. Saruji sikuiona."

Mmoja wa kamati, kijana wa sheria, akamuuliza, "Na miaka thelathini na miwili ulikaa kimya?"

"Sikukaa kimya, mwanangu. Nilikuwa na hakika. Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Ndipo akaijaza ile fomu, na kalamu ilimteleza mara mbili. Saa tano na dakika kumi kisima namba arobaini na moja kilirudi kwenye orodha ya visima vilivyo wazi. Saa sita mwokaji alinyang'anywa ile barua. Alitukana mtaa mzima ukasikia, na Mapovu alisimama mbele yake akayapokea yote.

Mtambo ulikuja wiki iliyofuata. Familia ishirini na sita zilihamishwa siku tatu. Tanuri likavunjwa, sakafu ikachimbwa, bamba likaonekana limeliwa na kutu mpaka unapitisha kidole. Mafundi walipolegeza kilichokuwa ndani, kisima kilipiga mluzi. Waliokuwepo wanajua. Ulikuwa mluzi mwembamba, hauishi, na watu wazima walirudi nyuma bila kuambiwa. Likatoka gogo, refu kuliko mtu, limeoza upande mmoja. Mkuu wa mafundi alilibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama, akamwambia Mapovu kwamba hilo lilikuwa halimalizi mwaka.

Saruji ilimiminwa kuanzia chini hadi juu. Binti anayemrithi Mapovu kazini, mkaguzi wetu mpya, alikataa kutia sahihi siku ya kwanza. Akakataa ya pili. Mkurugenzi akampigia simu, akakataa hata kwenye simu. Siku ya tisa alishuka mwenyewe kwenye shimo lililochimbwa kuzunguka bomba, akapima mgandamizo, akamwaga sabuni, akakaa saa nzima badala ya robo saa. Kisha akatia sahihi. Mapovu alikuwa kando. Mwokaji alitaka aisome ile karatasi mwenyewe kabla haijaondoka, akasomewa, akaomba arudiwe.

Kamati ilimpa Mapovu barua ya onyo kali, ikamwachia kazi na mafao yake. Kwa hiyo faili lake si safi. Waliotaka tuandike hapa kwamba ametumikia bila doa, samahanini, doa lipo, la kisima kimoja, na aliyelifichua ni yeye mwenyewe. Mwokaji bado hamsalimii vizuri. Tanuri jipya linajengwa upande wa pili wa ua, na mama yake amerudishwa chumba cha nyuma.

Lakini msinywe soda zenu mkadhani yamekwisha. Kwenye daftari kuna visima kumi na tisa vilivyotiwa sahihi miezi ileile isiyo na grisi, na waliovitia sahihi wote wamekufa. Marehemu hawezi kuijaza fomu. Kwa sheria ya leo visima hivyo vimefungwa milele, na juu yake kuna vyumba, kuna majiko, kuna watoto wanaofundishwa kusoma. Viwili hata hatujui viko wapi, maana tangi jingine walilopimia lilibomolewa. Barua ya mwisho aliyoiandika Mapovu kwa idara inaomba kanuni ibadilishwe, ili mkaguzi aliye hai aruhusiwe kufuta sahihi ya aliyekufa. Hadi karatasi hii inapelekwa kuchapwa, haijajibiwa. Mkurugenzi, utakaa meza ya mbele leo. Unaisikia.

Na ninyi wakaguzi mliobaki, mna sahihi zenu humo. Kila mmoja anaijua moja inayomwamsha. Nendeni mkaiangalie mkiwa bado kazini, maana mkishavuka mlango huu haitafutika.

Mapovu, idara inakushukuru kwa miaka thelathini na minne, kwa visima mia tatu na kumi na viwili, na zaidi ya vyote kwa kile kimoja. Mkeo tunamshukuru kwa lile shati. Nenda nyumbani ukalime bustani yako, ukalale mchana, ukawafokee wajukuu. Maisha yako yawe marefu na mepesi. Woga wako tuachie hapa ofisini, tutauhitaji Jumatatu.