Tundu la Sita

Assalaam alaykum. Msemaji nyumbani kwetu ni mke wangu, lakini mmeniomba mimi, basi nitasema.

Wengi mnaujua ugonjwa wangu. Wenzangu wakija Texas hununua magari makubwa, mimi nikanunua bastola za karne ya kumi na tisa. Unamimina baruti kwenye matundu ya silinda, unashindilia goroli la risasi, unavisha fataki kwa nyuma. Nikishusha mzigo wa lori langu Houston, mwisho wa wiki niko kwenye maonyesho ya bunduki Fort Worth. Nilizipenda, siwafichi.

Mwaka 2018 nikapata moja imeliwa na kutu. Sisi wakusanyaji tuna ada: kabla ya lolote, unapitisha kijiti kila tundu. Kikifika chini, tundu ni tupu. Matundu matano kilifika. La sita kikakwama. Ndugu zangu, nikajiambia hiyo ni kutu tu, na fataki haipo, italia vipi? Nikaishika silinda kwa kitambaa mkono wa kulia, wa kushoto nikaisogezea moto wa gesi ilegee.

Baruti ya mtu aliyekwisha kuoza kaburini ilikuwa mle, kavu. Ikalia gerejini kwangu, Arlington, ikaondoka na vidole vitatu.

Maumivu niliyavumilia. Kilichonimaliza ni sinia. Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, mnajua, na mimi wangu ulikuwa wa kutisha watoto. Nikaacha arusi, nikaacha hitima. Nikawa nakula chumbani kwa uma, mkono wa kushoto, nalia. Binti yangu anagonga, “Baba, open the door,” mimi sifungui mlango. Wallahi, nilitamani lile goroli lingenipiga kifuani.

Ramadhani ile mke wangu akanitia garini kwa nguvu, akaendesha mpaka hapa Alief, Houston. Kwenye futari nikaomba uma. Mzee mmoja, yupo humu, simtaji, akauchukua akauweka mbali. “Kula, baba,” akasema. Nikatia mkono. Wali ukamwagika mkekani mbele ya watu. Yule mzee akaziokota punje nilizoangusha, akazila yeye, akaendelea na mazungumzo yake.

Namshukuru yeye, na daktari aliyenishona, na mke wangu aliyenivumilia. Mwenye chombo cha kale nyumbani, kijiti kikikwama, simama hapo hapo, mpelekee fundi.

Na leo chakula kikija, msiniletee uma.