Udongo wa Pango Tuliouachia Mbuzi

Mgeni rasmi, Daktari Keynan, mtafiti wa mapango, Bwana Chifu, wazee wetu na akina mama wenzetu: Assalamu alaykum.

MAKARIBISHO
Sisi akina mama wa darasa la watu wazima, Banissa, tunakukaribisha kwa aibu. Tungependa furaha itangulie, lakini haipo.

TULIKOTOKA
Mwaka wa 1994 ulisimama mbele ya ubao wetu ukatueleza kwamba kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, pale palipolala barafu leo, zamani palikuwa na misitu. Ulisema uliyajua hayo kutokana na chavua, ule unga wa maua, iliyonaswa katika mawe na udongo wa mapango ya huko. Mama Hawo, mwenyekiti wetu, akakuuliza, "Na majani yote hayo, Daktari, yaliliwa na mbuzi wa nani?" Ulicheka hadi ukaangusha chaki.

Kisha ukatuambia kwamba pango letu lina matabaka ya umri uleule. Ukiyasoma kando ya yale ya kaskazini, utajua kama kule kulipopata joto huku kulikauka, na ukame huo ulichukua muda gani kwisha.

MAFANIKIO
Tulitia sahihi kwamba tutalilinda pango mpaka urudi. Sote kumi na tisa tuliandika majina yetu. Hakuna aliyeweka kidole gumba. Kwa zaidi ya miaka miwili miiba ilikaa mlangoni, na hata fisi hakupita.

MATATIZO
Mwaka jana mvua zilitupita. Mifugo yetu huenda kila mwaka kulamba udongo wa chumvi, lakini safari hii majambazi waliifunga njia. Udongo wa pango nao una chumvi, kwa sababu ya kinyesi cha popo. Januari mbuzi wa Hawo walianza kutafuna mifupa kwa kukosa chumvi. Aliwatazama siku tatu. Siku ya nne akaenda kuvuta miiba.

Ramlo, mwenzetu wa darasa, alimshika mkono. "Abaayo, dada yangu, tuliandika majina!"

"Jina langu halikamuliwi maziwa. Niachie."

Ramlo alimwachia. Jioni ile sote tulikuwa tumeleta mbuzi wetu. Ukuta wa matabaka uliousafisha kwa brashi ulilambwa, ukabomoka, ukakanyagwa. Na mbuzi walikufa vilevile, maana maji hayakuwapo. Tangu hapo Hawo haongei na mtu. Anakaa mlangoni mwa pango na fimbo.

MAOMBI
Ndani kabisa, chini ya mwamba ambapo mbuzi hafiki, limesalia tabaka la urefu wa mkono mmoja. Hatuombi kisima, wala hatuthubutu kuomba msamaha. Tunaomba ulichimbe leo kabla ya Alasiri, ulipeleke mbali. Ngamia wa wafugaji wa Kutulo wako njiani kuja huku, na shingo zao ni ndefu. Tukiwaona wamekonda tutawafungulia; sasa tunajijua. Usituachie tena.

Mwenyezi Mungu akujalie kuyasoma yaliyosalia, na atuteremshie rehema hata kama hatuistahili. Amin.

Ni sisi,
Akina Mama wa Darasa la Watu Wazima, Banissa.
Imesomwa na katibu, Arbia Siyad, Machi 1997.