Doa Shavuni: Historia ya Marehemu Casimir Dombek

Padre, ndugu, jamaa na marafiki, familia imemwomba Teresa, binti wa marehemu, ndiye huyu anayewasomea, aeleze kwa ufupi maisha ya mzee wetu, na kwa kuwa machozi bado hayajapata njia, atasoma kama ilivyoandikwa.

Marehemu Casimir Dombek alizaliwa tarehe 4 Machi 1930 hapa Holyoke, Massachusetts, mtoto wa tatu wa Józef na Apolonia, akasoma shule ya parokia hadi darasa la nane, na mwaka 1948 akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kando ya mfereji, akaanza kwa kufagia, akapanda hadi kuendesha mashine iliyochapa kadi za wachezaji wa besiboli, zile ambazo watoto walizipata ndani ya pakiti za chingamu. Tarehe 12 Februari 1955 alifunga ndoa na Wanda Pietras, aliyemtangulia mwaka 1999.

Mtoto wao wa kwanza, Irena, alizaliwa Alhamisi tarehe 9 Mei 1957, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akafariki saa tano na dakika tano, na baba yake, aliyeitwa kwa simu, akakimbia akaiacha mashine ikizunguka, alizuiwa koridoni hospitalini, hakumwona, wala hakuna aliyempiga picha. Huku nyuma chembe ya wino mkavu ilinasa kwenye bamba la kuchapia, ikaacha doa jeusi lenye duara jeupe kwenye shavu la mdakaji Rudy Haskell katika kadi zake, muda wote ule, mpaka msimamizi alipoizima mashine saa tano kamili, na kadi nyingi zilikuwa zimeshakwenda kukatwa. Marehemu aliondolewa mashineni, akapelekwa kufunga maboksi hadi alipostaafu mwaka 1992, bila kujitetea. Walijaliwa wengine wawili, Teresa mwaka 1960 na Edmund mwaka 1963.

Wakusanyaji wa kadi hawapitwi na kitu, kwani kadi zilipaswa kufanana kama shilingi kwa ya pili, na ile iliyotofautiana huwaambia kwamba siku fulani kuna jambo lilimpata mtu pale mashineni, wakaiita hii chozi la Haskell. Mwaka 1981, kwenye maonyesho ya kadi Springfield, muuzaji Vernon Applegate alimwambia marehemu mbele ya watu, “Mzee, fundi wa hiyo alikuwa amelewa chakari, au alilala fofofo!” watu wakaangua kicheko, na marehemu akajibu tu, “Inawezekana. Nifungie mbili.” Alinunua zenye doa tu, zikafika kumi na moja, nasi nyumbani tukimtania, “Baba na vibovu vyake,” jambo tunaloliona aibu leo.

Septemba 2008 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, na tarehe 2 Novemba aliziomba kadi zake, akazipanga juu ya blanketi, akamwambia Teresa, “Mwanangu, hizi zilichapwa dada yako akiwa hai. Ukiitazama yoyote, ujue alikuwa anapumua.” Alifariki tarehe 17 Novemba 2008.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea pierogi, zile sambusa za Kipolandi za kuchemsha, hata tukakosa pa kuziweka, wenzake wa kiwandani, na Bwana Applegate, aliyesimama pale mlangoni, ambaye amesikia msiba akaja na kadi ya kumi na mbili, na tumeiweka mfukoni mwa marehemu, upande wa moyo.

Fundi hakuwa amelewa, wala hakuwa amelala. Pumzika kwa amani, baba, kando ya Irena.