Ngurumo Alipwe Kwanza

Sogeeni karibu, wanangu, na anayetaka kulia akalie jikoni, kwa sababu pumzi niliyobakiwa nayo ni ya maneno tu, sina nyingine ya kushindana na vilio. Wewe, kifunguamimba wangu, weka hiyo ndoo chini. Nimesema iweke chini. Najua ni saa ya kumlisha farasi, namsikia kama unavyomsikia wewe. Ukuta ni huu mmoja, kichwa changu upande huu na mkia wake upande ule, na tangu nianze kulala hapa nimejua habari za banda kuliko habari za dunia. Atangoja. Hakuna farasi aliyewahi kufa kwa kucheleweshewa pumba. Binadamu ndiye anayekufa kwa haraka zake.

Binti yangu, niinulie mto. Hapo. Usinipapase hivyo, mimi si unga wa kukanda.

Sasa sikilizeni. Vyumba viwili vya mbele ni vyako, binti, kwa kuwa ni wewe uliyevisugua mpaka sakafu ikaomba msamaha. Chumba hiki na ua wa nyuma ni vya kaka yako. Gari la maharusi, lile la kukokotwa na farasi, la viti vyekundu, ni lenu nyote wawili, na asije mmoja akadai magurudumu mwenzake akaachiwa viti, maana maharusi hawabebwi kwa mafungu. Vyombo vyangu gawaneni bila kupigana. Sufuria haijawahi kumzika mtu, lakini imetenganisha ndugu wengi. Deni la fedha sina. Nina deni la maneno na huyu shemeji yangu aliyejibanza pale mlangoni kama mtu anayesubiri zamu kwa daktari wa meno. Usiondoke, shemeji. Zamu yako inakuja.

Amebaki farasi. Huyu sijamgawia mtu, na sababu ya kutomgawa ndiyo iliyonifanya niwaite kabla jua halijashuka.

Naogopa, wanangu.

Msitazamane. Sikuzungumzia kifo. Kifo nimekwisha kukizoea, kinakaa pale kitini siku nzima, kimekuwa kama mgeni asiyejua kuaga, nimebakiza kukipa vitunguu kinimenyee. Ninachokiogopa kiko dirishani. Geuzeni shingo mtazame kambani. Mnaona nini? Koti. Koti la Ngurumo, limefuliwa, limekamuliwa, linachuruzika maji ya sabuni. Nilipoliona mchana huu moyo wangu, ambao daktari amesema usishtuliwe, ulishtuka.

Huyo! Mmesikia? Farasi amepiga teke mlango wa banda. Kaa hapo hapo, mwanangu, usiinue mguu.

Acha nieleze taratibu, ili hata shemeji aelewe. Miaka yote hii tumekuwa tukimlipa Ngurumo amtunze farasi: kufagia banda, kubadilisha majani ya kulalia, kumpiga brashi, kumchokoa uchafu kwatoni, kumpa maji na chakula asubuhi na jioni. Msidhani ana elimu ya ajabu. Ngurumo hajui jambo lolote msilolijua ninyi. Kufagia ni kufagia. Tena ni mchelewaji, anasengenya, chai yangu anainywa kabla sijaimimina, na hagusi brashi kabla hajaona ujira wake. “Kwanza mkononi, halafu kwatoni,” ndiyo salamu yake kila mwanzo wa mwezi. Lakini mdomo wake haujui kufungwa. Anaanza kumtukana yule farasi tangu getini: “Wewe pua ndefu! Wewe mkaguzi usiye na mshahara! Nakuja, nafungua mlango, napita kushoto kwako, sogeza hilo kalio lako la kifalme!” Na akipita nyuma yake haondoi mkono mgongoni, wala hanyamazi. Hivyo farasi anajua alipo kila hatua, kama mtu anayesikia redio ikihamishwa chumba hadi chumba.

Siku moja nilimuuliza, “Ngurumo, humwogopi?” Akanijibu, “Mama, namwogopa kama mkwe, ndiyo maana namsemesha.”

Sasa wiki iliyopita, mimi nimelala hapa sijiwezi, mwanangu ukamwambia asije tena. Ulimwambia mwanamume yupo nyumbani, kwa nini alipwe mtu baki kwa kazi ya mikono miwili. Usinikatize, nilisikia kila neno, ukuta huu hauna siri. Akakutukana, nawe ukamtukana, akaondoka kwa hasira akaliacha koti lake msumarini. Kesho yake asubuhi nikasikia ufagio bila matusi. Nikajiuliza, huyu anayefagia ni nani, mzimu? Ndipo dada yako akaniletea uji huku anacheka: “Mama, kaka ana akili! Anavaa koti la Ngurumo. Farasi analinusa, anadhani ni yeye, anatulia tuli.” Nikacheka nami. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwona mwanangu kwa macho ya moyo, bonge la mwanamume mwenye ndevu, amevaa koti la mwanamke lenye maua mfukoni, anamwibia farasi akili.

Kisha kicheko kikaniishia, nikaanza kusikiliza. Kila asubuhi nasikia yule mnyama anavuta pumzi ndefu, ananusa. Ananusa tena. Anagonga ukwato mara moja. Jina la Mkaguzi hatukumpa bure. Anakukagua kuanzia viatu hadi nywele kama mtu aliyetumwa kutafuta kosa, na kila siku alikuwa anakaribia kulipata. Koti linasema Ngurumo, mbona Ngurumo amekuwa bubu? Kilichomshikilia ni ile harufu tu. Na leo, binti yangu, mikono yako iliyobarikiwa imeichukua ile harufu yote ikaitia kwenye karai.

Usilie. Hukujua. Uliona koti chafu ukafanya unachofanya ukiona kitu chochote kichafu; ningechelewa kufa ungenifua na mimi. Lakini elewa sasa ninachokiona nikifumba macho: kaka yako anafungua ule mlango akiwa na ndoo, kimya, jioni, farasi ana njaa na ameshachoka kudanganywa, na anayeingia hana sauti anayoijua wala harufu anayoijua.

Huyo tena. Ee Mola wangu. Shikeni mkono wa ndugu yenu.

Baba yenu mnajua alikufa kwa teke la farasi. Mmeambiwa hivyo tangu utotoni, na ni kweli, ila ni kweli iliyokatwa kichwa na mkia. Kilichomuua baba yenu ni kununa.

Alikuwa mtu mwema, lakini akinuna hata saa ya ukutani ilipunguza sauti. Siku hizo Ngurumo alikuwa msichana mbichi, ndiyo kwanza tumemwajiri, na mdomo wake ulikuwa huo huo. Baba yenu akaenda kunyoa. Kwa kinyozi wamejaa wanaume, na mdogo wake, shemeji yangu huyu mpenda vicheko, akasema mbele yao wote: “Kaka yangu analipa msichana amchane farasi wake nywele. Ngojeni, kesho atalipa kijana amlalie na mkewe!” Watu wakavunjika mbavu. Baba yenu akarudi nyumbani na nywele nusu. Akamwambia Ngurumo kesho asije. Hakula, hakusema. Asubuhi akachukua brashi akaingia bandani na mdomo wake umefungwa kama mfuko wa bahili, akapita nyuma ya farasi wetu wa wakati ule, aliyekuwa anasinzia.

Nilikuwa hapa, mwanangu, wewe uko ziwani unanyonya, dada yako yumo tumboni. Sikusikia ukelele. Nilisikia brashi ikianguka. Nikangoja aiokote. Nikangoja, nikangoja aiokote.

Maji, binti. Kidogo. Basi.

Shemeji, njoo mbele. Usiseme tena kwamba ulitania. Najua ulitania. Mimi mwenyewe ni mtani, nimewachekesha watu hata msibani, na mama mkwe wangu alikufa akidai nitamjibu Mungu kwa hilo. Sikukuchukia kwa utani ule, japo miaka mingi nilikuwekea kiti chenye mguu mbovu kwa makusudi, na ulianguka mara nyingi kuliko ulivyostahili. Lakini nimesikia, kwa ukuta huu huu, ukimwambia mwanangu maneno yale yale. “Baba yako naye alikuwa analipa.” Ulimwambia hivyo pale uani, ukacheka, na yeye hakucheka. Hapo ndipo hofu yangu ilipozaliwa, nami nimeinyonyesha wiki nzima peke yangu. Umri huu wote, shemeji, na mdomo wako bado haujajifunza kuona mbele?

Mwanangu. Nitazame mimi, usiitazame ndoo. Unamwogopa Mkaguzi?

Humwogopi. Haya. Basi mbona pumba zinamwagika, na ndoo niliyokuambia uiweke chini umeishika tena kwa mikono miwili? Mbona kila asubuhi husimama nje ya ule mlango kitambo ukipumua kama mtu anayetaka kuzama majini? Nakusikia, baba. Wahenga hawakutunga kwa kukosa kazi: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi kicheko nakipenda. Nataka kwenye nyumba hii kiende kicheko. Hofu si aibu. Hofu ni mtu mwenye busara anayekuvuta shati, na ukimkaripia ananyamaza, na akinyamaza ndipo unapoumia. Baba yako aliogopa kusema kwamba anaogopa. Jina lake nimekupa, ndevu zake umezichukua mwenyewe, lakini kununa kwake sitakurithisha, nitakwenda nako kaburini nikakalie juu yake.

Sema. Mbele ya huyu baba yako mdogo, mbele ya dada yako. Neno ni moja tu.

Sema, mwanangu, anapiga tena, bawaba zile ni za zamani, sema kabla pumzi hazijaniishia...

Ahaa.

Nimekusikia. Rudia kidogo, masikio yangu ni ya ukuta, yamezoea sauti kubwa. Ndiyo. “Naogopa, Mama.” Njoo nikushike kichwa. Wewe lia tu, ile sheria ya jikoni nimeitengua kwa ajili yako. Sasa ndipo unafaa kukaa karibu na farasi.

Na wosia ni huu. Farasi ni wako, lakini ni wako pamoja na Ngurumo, kama pete na kidole. Ujira wake utoke kwanza katika kila safari ya gari la maharusi, kabla ya nyama, kabla ya viatu, kabla ya msiba wangu. Siku mtakapoona mmeshindwa kumlipa, msijaribu ujanja, msivae koti la mtu. Mwuzeni farasi kwa mwenye uwezo wa kulipa, na mumwambie mnunuzi kwamba anamnunua mnyama na maneno yake. Wewe utajifunza kwa Ngurumo. Utasimama mlangoni, atakutukana pamoja na farasi, nawe utajibu kwa sauti, kila siku, mpaka Mkaguzi asikie sauti mbili na kuziona zote ni za nyumbani. Likikuchukua mwaka, na uwe mwaka.

Binti, chini ya godoro, upande wa miguu, kuna bahasha. Ni ya Ngurumo. Usiihesabu, nimeihesabu. Na wewe shemeji, uliyeuondoa mdomo wake nyumbani hapa mara mbili, ndiwe utakayeurudisha. Anakaa nyuma ya duka la mikate, hata wewe unafika bila kupumzika. Mwambie nimekutuma. Atakutusi. Pokea yote, usirudishe hata moja. Nenda. Kimbia, mzee, kimbia hivyo hivyo na goti lako, afadhali ucheke nalo kesho.

Tumngoje. Wanangu, nipeni mikono. Huu wako, binti, unanuka sabuni; mzuri, mzuri. Mpendane. Mkigombana, gombaneni kwa sauti. Mtu akikasirika apige kelele, avunje kikombe, nimeviacha vingi. Asinune. Naapa nitamtokea ndotoni atakayenuna.

Siku mtakaponitoa... njia ni moja tu, ya kupita mbele ya banda. Mtakuwa watu wengi, miguu mingi, na desturi ya watu wenye jeneza ni kunyamaza. Msinyamaze. Mtamshtua. Anisikie ninapita... mumwambie, “Huyu ni Mama, tunampitisha kushoto kwako.” Yeyote aliye karibu aweke mkono mgongoni mwake.

Ile ni nini? Getini. Nyamaza, nyamaza kidogo... Anamtukana shemeji! Anasema, “Mzee mzima na mdomo wa kitoto!” Lo. Analo la kusema huyo, analo hadi kesho kutwa. Sasa amegeukia dirisha la banda... Mmeona? Hapigi tena mlango. Ametulia.

Kifua changu kimekuwa kizito, kama kuna mtu amekaa. Mwenyezi Mungu awape kinywa cha kusema mkiogopa, na mtu wa kuwasikia, na riziki ya kumlipa. Awape watoto wenye kelele. Nimewasamehe wote, hata huyo... mwambieni kile kiti kimetengenezwa, akae tu.

Mbona hamsemi? Wanangu. Kumekuwa kimya humu. Sioni vizuri mlipo. Semeni... semeni chochote, nijue mko upande gani...