Vidonge Ndani ya Kopo la Nyuzi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mnaoimba vizuri, asifiwe na mimi pia ninayesimama mbele yenu leo bila kitambaa usoni! Wengi wenu mnanijua: Mama Christian, mshonaji wa Kadutu, yule wa chumba kilicho chini ya ngazi. Mkono wangu mnaujua, maana umeshona vikwembe vyenu vya sikukuu. Uso wangu hamkuujua vizuri, kwa sababu kwa miaka miwili niliufunika.

Nataka kuwaambia jinsi Mungu alivyonitoa. Sikufufuka kutoka wafu. Sikuona malaika. Ni habari ya chunusi. Msicheke! Haya, chekeni kidogo, kisha mnisikilize, kwa sababu chunusi hizo nusura zivunje nyumba yangu.

Nilipokuwa msichana sikuwa na kipele hata kimoja. Zilinikuta nikiwa mtu mzima, nina miaka ishirini na tisa, mtoto wa pili amekwisha kuacha ziwa. Zilianza kwenye taya, zikashika kidevu, zikashuka shingoni. Zilikuwa kama majipu madogo, magumu, yaliyokaa ndani ya nyama, hata kulaza shavu kwenye mto kulinitoa machozi. Na kila mwezi, siku zangu zikikaribia, yote yaliamka pamoja.

Niliosha kwa limau. Nilipaka mawese. Nikanunua sokoni ile pomade wanayoichanganya kwenye kibakuli mbele ya macho yako, wanaiita melanje. Wiki mbili uso uling'aa kama sahani mpya, na wateja wakanisifu. Wiki ya tatu ngozi ikawa nyekundu, ikawaka moto, na chunusi zikarudi na ukoo wao wote.

Siku moja nilikuwa nampima mama mmoja mabega. Akanitazama kwa karibu, akasema kwa sauti ya sokoni, "Mama Christian, uso yako iko inachemuka kama bugali! Nani amesahau kupunguza moto?" Chumba kizima kikacheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa ungefanya nini? Walipoondoka nikageuza kioo cha wateja kikatazama ukuta. Kesho yake nikawaambia kimepasuka. Mshonaji bila kioo, ndugu zangu! Watu walivaa nguo mpya wakaniuliza, "Imenikaa?" nami nikajibu nimeinamisha kichwa, sikumtazama mtu.

Mume wangu, Baba Christian, anafanya kazi Shabunda. Anatengeneza mashine za kuvuta maji kwenye machimbo ya dhahabu. Anakuja nyumbani mara mbili kwa mwaka, kwa ndege ndogo. Hapa Bukavu nakaa na watoto na mama mkwe wangu, mzaliwa wa Mumosho. Mnamjua, ameketi pale karibu na dirisha. Macho yake hayapitwi na kitu.

Muuguzi mmoja aliyekuja kushonesha gauni ndiye aliyeniambia, "Tupa hizo pomade. Nenda kwa docteur wa ngozi." Nikaenda.

Docteur ni mwanamke wa rika langu. Nilidhani atautazama uso tu. Akaniuliza siku zangu zinakuja vipi, kama naumwa kichwa cha upande mmoja huku naona mwanga unaochezacheza, kama navuta sigara, kama kuna mtu wa kwetu aliyewahi kuganda damu mguuni, kama nataka mimba karibuni. Akanipima presha. Akanipima na mimba. Kisha akavuta kiti karibu nami.

"Madame," akasema, "uko unapangusa sakafu, na bati bado inavuja. Mafuta ya ngozi yako inaamriwa na homoni, ndani ya damu. Kwa wanawake wengi wazima ni hivyo. Hatutapaka juu peke yake."

Akaniandikia vidonge vya homoni, na krimu moja ya kupaka kabla ya kulala. Akanieleza bila kuficha: ni vidonge vile vile wanawake wanavyomeza kupanga uzazi, vina homoni mbili, na vinatuliza mafuta ya ngozi. Si dawa ya kila mwanamke, ndiyo maana aliuliza yale maswali yote, wala nisimgawie jirani. Nimeze kimoja kila siku saa ile ile, bila kuruka. Nisitegemee kuona kitu kabla ya miezi mitatu. Mguu ukivimba, au kifua kikiuma, au nikikosa pumzi, nije mbio hospitali. Na melanje, aliniambia, isiguse uso wangu tena.

Nilitoka pale na furaha mpaka kwenye lango. Kwenye lango nikasimama. Vidonge vya kupanga uzazi, ndugu zangu, mkononi mwa mwanamke ambaye mume wake yuko Shabunda! Nani angeniamini? Nilipofika nyumbani nikaviweka chini kabisa ya kopo langu la nyuzi. Kila jioni, mama mkwe akiwa anawaosha watoto miguu, nilifungua kopo kama mtu anayetafuta uzi, nikameza kidonge bila maji.

Mwezi wa kwanza kichefuchefu kilinisumbua, kisha kikapita. Mwezi wa pili taya likaanza kulainika. Nililigusa gizani kwa vidole nikaogopa kufurahi.

Ikaja novena ya Roho Mtakatifu, zile siku tisa za sala kabla ya Pentekoste. Mnakumbuka jinsi kila mmoja wetu alivyotoa kitu. Wengine waliacha nyama kwa siku tisa, wengine sukari, kuna baba mmoja hapa aliyeacha bia na mke wake bado anamshukuru Mungu. Mimi nikajiuliza, nitatoa nini? Moyo ulikuwa unanichoma kwa ajili ya kile kificho. Nikasema, Bwana, nakupa vidonge vyangu. Siku tisa sitavigusa. Niponye wewe mwenyewe, nami sitakuwa na kitu cha kuficha tena.

Hakuna aliyenishauri hivyo, wala kiongozi wetu wala padri. Nilijitungia mwenyewe sadaka, nikaona ni nzuri.

Siku ya nne damu ikaja, nje ya wakati wake, nyingi, na tumbo likanikata. Nililoweka vitambaa kwenye beseni nyuma ya nyumba. Kesho yake mama mkwe akaliona beseni. Mchana huo huo suruali ya Christian ikapasuka magotini, na bibi yake akaenda kutafuta uzi mweusi.

Nilirudi kutoka kisimani nikamkuta amesimama katikati ya nyumba. Pakiti ya vidonge iko kwenye kiganja chake.

"Mutoto yangu iko Shabunda tangu mwezi ngapi?" akaniuliza. "Na wewe uko unakunywa hii! Unazuiaga mimba ya nani?"

"Mama, ni dawa ya uso."

"Ya uso! Uso inazaaga? Na ile damu kwenye beseni, ni ya uso pia? Umetoa mimba ndani ya nyumba ya mutoto yangu!"

Yale yote docteur aliyonieleza yalinitoka kichwani. Nilisimama pale na ndoo ya maji kama mwenye hatia, na kwa kuwa nilikuwa nimeficha, nilionekana hivyo hasa.

Alimpigia mwanawe. Kule Shabunda lazima mtu apande kilima ndipo apate rezo ya simu, na jioni hiyo Baba Christian alipanda. Aliponipigia mimi aliuliza neno moja tu: "Ni kweli uko nazo?" Nikasema ni kweli, lakini. Hapo kwenye lakini rezo ikakatika. Baadaye ukaingia ujumbe: nakuja na ndege ya Ijumaa.

Ilikuwa Jumanne. Nilifunga mzigo wangu, niende kwa wazazi wangu Kavumu kabla hajafika. Sikutaka kufukuzwa mbele ya watoto. Na niliwaza, ndugu zangu, nikienda sitarudi. Ndoa yangu ya miaka minane itakwisha kwa ajili ya kitu ambacho sikukifanya.

Jumatano asubuhi nilipiga magoti kando ya mzigo. Nililia. Nikamwambia Mungu, nilikupa vidonge, mbona umeniletea aibu? Nilingoja. Sikusikia sauti. Lakini wazo moja lilikuja likakaa, tulivu, nami naamini lilitoka kwake: Sikukuomba vidonge. Nilikupa mdomo, na huo ndio ulioufunga.

Haleluya! Nilisimama, nikaufungua mzigo, nikazirudisha nguo mahali pake. Nikaenda jikoni.

"Mama," nikasema, "mimi siendi popote. Vaa viatu. Twende kwa docteur, umuulize na mdomo yako mwenyewe."

Alikubali haraka. Alitaka kunikamata kwenye uongo, alikiri mwenyewe baadaye. Tulipanda mlima wa hospitali, yeye mbele, mimi nyuma.

Docteur aliniuliza kwanza kama ananiruhusu... nisameheni, kama mimi namruhusu kusema mambo yangu mbele ya mtu mwingine. Nikasema, leo sema yote. Akanipima mimba upya, akamweleza mama mkwe maana yake, kwamba hakuna dalili ya mimba yoyote. Akamweleza kwamba mwanamke akikatisha vidonge hivi katikati ya pakiti, damu huja baada ya siku mbili tatu, na kwamba ilikuwa imekuja kwa sababu hiyo. Akafungua daftari, akamwonyesha tarehe ya kwanza niliyokuja, na lile neno aliloliandika: chunusi.

Mama mkwe hakushindwa kirahisi. "Na kizazi? Haitaungua?"

"Hapana, mama. Akitaka mutoto, anaacha vidonge, na anaweza kupata mimba."

"Na mimi, hizi nywele zangu za kidevu, nipewe pia?"

"Wewe hapana, mama. Miaka yako hairuhusu."

"Basi nitazing'oa," akasema.

Kisha docteur akanigeukia mimi, na sura haikuwa ya kucheka. "Madame, kufunga ni kwako na Mungu. Lakini kidonge si chakula. Funga, na jioni unameza. Ungenipigia simu kwanza." Akanionyesha siku ya kuanza pakiti mpya.

Tuliposhuka, mama mkwe alininyang'anya kikapu changu mkononi akakibeba yeye. Alikuwa hajawahi kunibebea kitu tangu niolewe. Tulipofika penye kona ambapo ziwa linaonekana lote, akasimama.

"Kwa nini hukuniambia? Mimi si mwanamuke?"

"Niliona haya, Mama. Na niliogopa."

Akaweka kikapu chini. Ndipo akaniambia jambo ambalo leo amenipa ruhusa kulisema, na tazameni anavyoficha uso kwenye kikwembe! Alisema, "Mimi nilichomwaga sindano ya kupanga, kule Mumosho, kisha kuzaa mutoto wa sita. Muzee, bwana yangu, alikufa bila kujua. Nilikuhukumu juu ya kitu nilikifanya mimi."

Tulicheka mpaka mpita njia akatushangaa. Kisha tukalia kidogo.

Ijumaa tulienda pamoja uwanja wa ndege Kavumu. Baba Christian alishuka amekunja uso, na kabla hajafungua mdomo mama yake alikuwa amekwisha kumfikia. "Ukitafuta mwenye kosa, anza na mimi," akamwambia. "Muke yako iko sawa. Nimesikia kwa docteur na masikio yangu."

Alisimama na begi lake begani. Alitutazama mmoja mmoja. "Niliacha mashine wazi," akasema, "nikapanda ndege kati ya magunia ya samaki, siku tatu silali. Kumbe ni bipele?"

Lakini msidhani ilikwisha kwa kicheko. Nyumbani, watoto wakiwa wamelala, aliniambia kwamba kwa siku tatu aliamini. Hiyo ndiyo iliyomuuma, kwamba aliamini, na kwamba mimi nilibeba siri kubwa kiasi hicho peke yangu. Nilimwomba msamaha kwa kuficha. Yeye aliniomba msamaha kwa kuamini. Haikuwa rahisi, ilituchukua siku kadhaa. Jumapili ya Pentekoste tulikaa benchi moja, sisi watano, na aliponishika mkono wakati wa Baba Yetu nilijua ninayo nyumba.

Sasa ni mwezi wa nane tangu nianze vidonge. Presha yangu inapimwa, vidonge vinakaa mezani kando ya chumvi, na kila jioni mama mkwe anapiga kelele mpaka jirani anasikia: "Mama Christian, uso imekunywa dawa?" Taya langu limepona. Makovu yapo, myaone. Kidevu bado hutoa kimoja kimoja. Kioo nimekigeuza, na yule mama wa bugali amekuja kushonesha nguo mbili, namshonea vizuri tu.

Tunataka mtoto wa tatu, mwaka ujao Mungu akipenda. Nitaacha vidonge, na docteur ameniambia chunusi zinaweza kurudi. Zirudi! Nitakuja hapa nazo, nitaimba nazo. Namshukuru Mungu kwa ngozi hii, lakini namshukuru zaidi kwa sababu nyumbani kwangu sasa hakuna ninayemwogopa.

Ndugu zangu, na hasa ninyi dada zangu mnaokaa benchi la nyuma na kitambaa kimeshuka mpaka kwenye macho. Mtumainini Mungu aliyewapa docteur, na mama mkwe, na ulimi. Usijitungie dawa, usijitungie na sadaka. Tukimaliza nyimbo nitakuwa pale mlangoni. Njoo na uso wako hivyo ulivyo, tutapanda mlima pamoja. Mama mkwe wangu amesema atatubebea kikapu.