Kopo la Mashine ya Gharib

Kila asubuhi mashine ya kusaga ya Gharib pale Kasingirima ikiwashwa, kuku wa mtaa mzima wanahama. Kosa si la injini. Ni lile kopo la maziwa ambalo Gharib mwenyewe alilifunga kwa waya juu ya bomba la moshi, miaka kumi na miwili iliyopita, ili mlio ufike mpaka ziwani na wateja wajue kunasagwa. Benchi la kahawa la Mwamini liko hatua nane tu kutoka hapo, na wanaokaa wameshazoea kuongea kwa kupasua koo. Leo Gharib hana raha hata chembe. Selestini, msagaji wake asiye na mfano, amemwambia masikio yanamvuma hata akiwa kanisani. Kopo lisipotoka, kesho anakwenda Kibirizi kubeba dagaa.

— Eti nitoe kopo! Gharib alipaza sauti. Kopo ndo biashara yenyewe! Mteja atanijuaje?

— Mzibe pamba, alisema Eliakimu, fundi baiskeli anayejiita Mhandisi.

— Alishaziba! Nikimwita haitiki, unga unamwagika.

— Basi pamba hasara tupu. Wahenga walisema, sikio la kufa halisikii dawa.

Dadi, ambaye mtaani wanamwita Redio kwa kuwa hana pa kuzimia, aligonga kikombe chake benchini.

— Kosa ni kuiweka mashine nchi kavu! Ipakie kwenye boti, ikasagie katikati ya ziwa. Kelele wapokee Wakongo!

— Na unga ukimwagika majini?

— Maji yakimwagika hayazoleki, bwana. Unga hawajausema!

Gharib alicheka bila kupenda. Moyoni alikuwa anamhesabu Selestini kama mwanawe.

— Mi nachimba shimo, alisema Mhandisi. Injini ikae chini, kama kisima.

— Na Selestini?

— Chini hukohuko! Mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Acheni ushamba! Redio alisimama. Dawa ya moto ni moto! Leta spika mbili za harusini, elekeza kwenye mashine, piga taarabu mpaka mwisho. Mlio ugongane na mlio, yote ife palepale!

— Utaua na sisi!

— Tutazikwa na taarabu!

Mkono ukamgusa Gharib begani. Alikuwa mama mmoja, Regina, ndoo ya mahindi kichwani, uso umejaa mshangao.

— Mwakeye, wazee. Nimewasalimu mara tatu. Mbona mnapiga kelele hivyo, na mashine imezimwa?

Mlangoni Selestini alikuwa amechuchumaa anabadili mkanda wa mashine, anapiga mluzi, na hakuna aliyejua ameizima saa ngapi. Gharib akasikia kashata ikivunjika kwenye meno ya Redio. Akamsikia Mwamini akiimba huku anaosha vikombe. Miaka yote hiyo kanywa kahawa yake, wala hakujua kama anaimba. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

— Mama, alisema, umejuaje kama tunasaga, na kopo halilii?

— We baba nawe! Nasaga hapa tangu sijaolewa. Nani asiyejua kwa Gharib?

Gharib akaazima koleo ya Mhandisi, akapanda juu ya kreti ya soda, akakata waya. Kopo likaanguka, likabiringika mpaka miguuni kwa Redio. Gharib alijisikia mwepesi, kama aliyetua gunia.

— SELESTINI! KESHO UTAKUJA?

Kijana akainua kichwa, meno yote nje.

— Nitakuja, mzee. Ila shusha sauti, nakusikia.