Alama Tatu za Kuuliza za Afande Okwera

Baada ya miaka ishirini na minne ya kuilinda, kuifundisha na kuigombeza kampuni yetu ya ulinzi ya Jicho Kali, Afande Erinayo Okwera anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Sherehe ya kumuaga itafanyika hapa ofisini Bugolobi, saa nane mchana. Mwenyewe ameshatangaza kwamba atakayechelewa atakuta mlango umefungwa, na kwa kuwa funguo bado anazo yeye, tunashauri mumwamini.

Alikuja kwetu akitoka jeshini, na buti zake na sauti inayosikika hadi Namuwongo, ambako anaishi mpaka leo karibu na reli. Alianza getini, akapanda akawa msimamizi wa zamu, kisha mkufunzi. Jeshi lilikuwa limemwachia mambo mawili: Kiswahili chake, na imani kwamba binadamu hawezi kukumbuka zaidi ya mistari minne. Imani hiyo ndiyo iliyomfanya awe mtengenezaji wa slaidi zote za Jicho Kali, kazi ambayo hakuna aliyempa na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Zamani slaidi zetu zilikuwa za fahari. Filda wa ofisi ya utumishi alizijaza maua, mishale inayozunguka na herufi zilizoingia zikiyumba kama zimetoka baa. Kompyuta ya chumba cha mafunzo ilikuwa kuukuu, na ilipofika kwenye ua la tatu iliganda. Kuna walinzi waliohitimu wakijua kupekua gari upande wa mbele tu. Hapo ndipo Lakot, binti yake Afande anayefanya kazi ya kompyuta mjini, alipomwonyesha baba yake njia nyingine. Unaandika maneno matupu kwenye faili la kawaida, bila pambo lolote. Ukiweka alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari, hicho ni kichwa cha slaidi. Ukiweka kistari, hiyo ni hoja. Vistari vitatu peke yavyo kwenye mstari maana yake slaidi imeisha, fungua nyingine. Halafu programu ndogo inalisoma faili hilo na kukutolea slaidi safi, tayari kwa projekta.

Afande alifurahi mno. Hatimaye alikuwa amepata kompyuta inayopokea amri.

Rangi na aina za herufi zilikaa kwenye faili la pembeni, ambalo alilibatiza Yunifomu. Ukigusa Yunifomu, masomo yote yanabadilika sura kwa pamoja, na maneno yenyewe yanabaki yalivyo. Kampuni ilipoacha mashati ya kahawia na kuchukua ya kijani, Filda alishika kichwa akisema sasa slaidi zote zitaanza upya. Afande alibadilisha mstari mmoja ndani ya Yunifomu, akafunga kompyuta na kwenda kunywa chai akiwa ameridhika sana na nafsi yake. Kesho yake masomo yote yalitokea kwa rangi ya waridi. Alikuwa amekosea tarakimu za rangi, lakini kukubali hakukubali. "Hii ni kijani," alituambia. "Lakini bado mutoto." Kwa wiki nzima tukafundisha somo la mbwa wa ulinzi kwa waridi, na mgeni mmoja kutoka kampuni ya bima akauliza kwa adabu kama siku hizi tunaendesha na saluni.

Picha alizipiga marufuku. Filda alimbembeleza hadi karibu na Krismasi moja, ndipo akamruhusu ua moja, kwa sharti kwamba alichore kwa nyota za kwenye kibodi. Filda alichora nusu siku. Programu ilipolisoma faili, ikadhani nyota zile ni amri ya kukoleza maandishi, ikazila zote na kutuachia neno "Krismasi" lililokolea wino kupita kiasi. Afande alicheka hadi akakaa chini. Filda anasema amemsamehe, lakini tunamjua Filda.

Sasa tufike kwa mkurugenzi wetu, Bwana Sylvanus Oloo. Haya tunayaandika kwa ruhusa yake: tulimwonyesha ukurasa, akasema sawa bila kufika mwisho, kama kawaida yake. Bwana Oloo ni mtu wa Kisumu, mrefu, mwenye kicheko kikubwa, na kwenye biashara haogopi mtu. Mweke mbele ya watu kumi walioketi kimya, sauti inamkimbia. Kwa miaka mingi tulidhani ni mtu wa maneno machache. Kumbe alikuwa akitetemeka, na aliyejua ni Afande peke yake.

Njia ile ya maandishi matupu ina jambo moja zaidi. Ukiandika alama tatu za kuuliza chini ya slaidi, kila kinachofuata hakionekani ukutani. Kinatokea kwenye kompyuta ya msemaji tu. Hapo ndipo Afande alipomwandikia bosi kila kitu, kuanzia maneno ya kusema hadi mahali pa kupumua. Kisha alikaa kiti cha mstari wa mbele, katikati, na bosi alipopita vizuri kwenye slaidi, Afande aliitikia kwa kichwa. Bila kichwa kile, Bwana Oloo hakuwahi kwenda slaidi ya pili.

Mwaka juzi mkataba wa jengo moja la magorofa hapa Bugolobi ulikuwa unafikia mwisho. Jengo hilo lina walinzi wetu wengi kuliko mahali pengine popote. Kama lingetuacha, wengi wao wangerudi nyumbani, na chumba cha mafunzo kingefungwa, na Afande pamoja nacho. Kamati ya wakazi ilikuwa na hasira, kwa sababu mlinzi wetu Opoka alisemekana kulala getini. Kwa kampuni inayoitwa Jicho Kali, hilo halikuwa dogo. Bwana Oloo alitakiwa kwenda kujieleza.

Asubuhi ya mkutano, Pitshou, mkuu wetu wa operesheni, alifungua faili la Afande ili arekebishe idadi ya walinzi. Pitshou ni mtu wa Kongo, msafi wa mavazi na wa tabia, na alichokiona kilimtia aibu. Chini ya kila slaidi kulikuwa na alama tatu za kuuliza! Kwa maoni yake, kampuni yenye heshima haiendi kwa mteja na maswali juu ya nafsi yake. Akazifuta alama zote, moja baada ya nyingine, maneno yaliyozifuata akayaacha palepale, akafunga faili na kujipongeza kimoyomoyo.

Kwa hiyo bosi alisimama ameupa ukuta mgongo, akisoma kompyuta yake kama siku zote, na kamati nzima ikasoma pamoja naye. Slaidi ya kwanza ilisema: "Salimia Mama Babra kwanza. Mwenyekiti ni yeye, hata kama mume ndiye anajaza kiti." Bosi akamsalimu Mama Babra kwanza. Slaidi ya pili: "Hapa tabasamu. Punguza." Akatabasamu, akapunguza. Slaidi ya tatu: "Kunywa maji. Usimalize chupa." Akanywa, akabakisha. Wanakamati walikuwa wanajifuta machozi, na bosi, ambaye hajawahi kuchekesha mkutano maishani mwake, akaanza kujisikia msemaji wa kweli. Afande mstari wa mbele alikuwa amekauka. Kichwa hakikusogea hata kidogo.

Halafu ikaja slaidi iliyoandikwa "Nidhamu ya Walinzi Wetu," na chini yake: "Wakiuliza Opoka, usibishe. Alilala. Nilimkuta mimi."

Kicheko kikakatika. Mama Babra akasimama. "Kale ssebo, sawa bwana, hiyo tumesoma," akasema. "Sasa wewe mwenyewe nasema nini?"

Bosi akageuka, akauona ukuta. Pitshou alikuwa tayari ameshika waya wa projekta ili auchomoe, na Afande akamnyooshea mkono: acha. Bwana Oloo akamtazama Afande. Na Afande, ambaye ajira yake ilikuwa pale ukutani pamoja na ajira za walinzi wote wa lile jengo, akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara moja.

Bosi akafunga kompyuta. "Alilala, mama," akasema. "Tulimpanga usiku, tukampanga na mchana wake, bila kumpumzisha. Kosa ni letu, si lake." Sauti ilitetemeka tangu neno la kwanza hadi la mwisho, lakini ilifika mwisho. Maneno yale hakuandikiwa na mtu.

Mkataba tulipewa, kwa masharti mawili. La kwanza, Opoka apumzike. La pili, katika kila mkutano maandishi ya chini yaonyeshwe ukutani pamoja na ya juu, kwa sababu Mama Babra alisema huo ndio mkutano wa kwanza ambao mume wake hakusinzia. Pitshou aliomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kilingala na kwa Kifaransa. Afande alimwadhibu kwa kumpa somo la mbwa aliandike upya lote, alama kwa alama, na leo Pitshou anaweka alama tatu za kuuliza hata kwenye salamu zake za Idi.

Bwana Oloo, kwa upande wake, hajarudia ushujaa ule. Siku ya pili yake alirudi kwenye maandishi ya chini na kichwa cha mstari wa mbele, na huko ndiko aliko mpaka wiki hii.

Ndiyo maana alipotakiwa kutoa hotuba ya Ijumaa, alifanya lililo rahisi kwake: alimwomba Afande amwandikie. Mmesoma vizuri. Anayeagwa aliombwa atunge hotuba ya kumuaga. Afande alikubali bila haya, akisema hamjui mtu anayezifahamu sifa za Okwera kumzidi Okwera. Faili lilinifikia Jumatatu, kwa kuwa mimi ndiye niliyerithishwa Yunifomu. Slaidi zote zipo, mistari minne minne. Moja ina kichwa "Mkufunzi Bora Kabisa," na hatukuigusa. Chini ya slaidi ya kwanza ameandika: "Simama wima, bosi." Nyingine zote zina maelekezo kama tulivyozoea, mpaka ya mwisho, yenye jina lake tu. Pale chini, baada ya alama tatu za kuuliza, amemwandikia hivi: "Hapa mimi hapana kuandika. Sema ya kwako. Mimi nakaa mbele."

Tangu Jumatatu mlango wa bosi umefungwa. Filda anaapa kwamba anamsikia akiongea peke yake ndani. Bosi mwenyewe amenijia zaidi ya mara moja akiniomba niongeze japo mstari mmoja pale chini, na nimemkatalia, kwa sababu amri ya Afande haibadilishwi na karani, na kwa sababu nataka kusikia atakachosema. Sote tunataka.

Afande Okwera, asante kwa kutufundisha kusema machache na kuyamaanisha. Asante kwa makelele, kwa zile funguo, na kwa kijani kile ambacho bado ni mtoto. Tunakuombea afya, chai isiyopoa na usingizi mrefu kadiri upendavyo, maana sasa hakuna atakayekukuta getini. Lakini usituage mapema. Kiti chako tumekiweka mstari wa mbele, katikati. Bosi akifika slaidi ya mwisho, atakutazama wewe. Tafadhali, itikia kwa kichwa.

Moreen Akeyo
Kwa niaba ya wafanyakazi wa Jicho Kali